Siku Tata Alipotengeneza Hita

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka kanisani asubuhi ya mvua, akawasha hita ya gari lake. Harufu ya vumbi linaloungua na mpira uliopata moto ikanijia usoni, nikamwomba azime. Alidhani nimeona joto. Yeye sikumweleza, ila ninyi nitawaeleza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa milimani, Tarime, ambako ukungu wa masika hukawia kuondoka hadi chai imekwisha. Baba yangu, Marwa, tulimwita Tata kama watoto wote wa kwetu. Aliendesha lori la mwenye duka mmoja wa mjini, lori kuukuu lililotoka mashamba ya wazungu ng'ambo ya mpaka, huko kwenye baridi kali. Ndiyo maana lilikuwa na hita: kisanduku cheusi cha bati chini ya dashibodi, upande wa abiria. Hatukuwahi kuiona ikifanya kazi. Tata aliitundikia kofia yake.

Masika hayo mama alijifungua mapacha, miezi miwili kabla ya wakati. Msichana na mvulana, kila mmoja mdogo kuliko kiatu cha Tata. Bibi aliyewapokea alisema wapelekwe hospitali upesi, na wasipate baridi. Akamfunga mvulana kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na msichana akamfunga kifuani kwangu, kisha akatuzungushia mablanketi.

"Bhoke, usimchungulie chungulie," aliniambia. "Msikilize tu."

Basi nikamsikiliza njia nzima mle ndani ya lori. Alipumua harakaharaka, akanyamaza, nami nikanyamaza naye mpaka alipoanza tena.

Katikati ya safari ikatupiga mvua ya mawe. Tukafika kwenye kijito ambacho siku nyingine ng'ombe walikivuka bila kulowa magoti, tukakuta maji mekundu yamefunika daraja la magogo. Nyuma yetu mlima ulikuwa tope tupu, hakuna kurudi. Kioo cha mlango wa Tata kilishavunjika zamani, alikuwa ameziba kwa gunia, na upepo ulipita humo kama hapana kitu.

"Baba Bhoke," mama alisema, "mtoto anapoa."

Tata alitazama mto, akatazama kile kisanduku. Akaitoa kofia, akabonyeza swichi. Kimya.

Alishuka mvuani, akafungua boneti. Kwanza alitoa fyuzi ya honi akaiweka mahali pa fyuzi ya hita. Kimya. Akavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka kwenye hita, na safari hii kisanduku kikanguruma kwa uchungu, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Umeme unafika," alisema, maji yakimtiririka puani. "Feni ndiyo imekwama."

Akalala kifudifudi sakafuni, miguu yake ikiwa nje mvuani, akafungua skrubu moja baada ya nyingine. Ndani panya walikuwa wamejenga: nyasi, maganda ya mahindi, vipande vya gunia. Alivivuta kwa vidole. Akachovya kijiti kwenye oili ya injini, akapaka ekseli ndogo ya feni iliyoshika kutu, akaizungusha mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mikono yake ilikuwa imekufa ganzi, skrubu zikawa zinamponyoka. Kila mara aliuliza bila kuinua kichwa, "Wanaendeleaje?"

Mama alikuwa akimwimbia mvulana kwa sauti ya chini tangu nyumbani. Sijui aliacha saa ngapi. Nakumbuka tu kwamba Tata alipouliza tena, wimbo haukuwepo, na mama alijibu kwa sauti tulivu kabisa, "Wamelala. Wewe endelea."

Feni ikazunguka. Nilipiga kelele ya furaha. Lakini upepo uliotoka ulikuwa wa baridi, baridi kuliko ule wa dirishani, na Tata akaizima haraka, akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa hivyo. Nilidhani anasali, nami nikasali, nikasahau maneno yote isipokuwa amina.

"Injini inachemka," alijisemea. "Kwa nini maji ya moto hayafiki?"

Akashuka tena. Alishika ule mpira unaoleta maji ya moto kwenye hita, akaufuata kwa kiganja mpaka kwenye injini. Wote ulikuwa wa baridi. Mwisho wake palikuwa na koki ndogo ya shaba. Mtu fulani, labda siku lori liliposhuka huku kwenye joto zaidi, alikuwa ameifunga. Tata aliifungua kwa koleo, mkono umebanana na injini. Alipoutoa, ngozi ya kifundo ilikuwa imebambuka.

Ndipo harufu ile ikaja, na nyuma yake joto. Mama alikuwa amekaa mbele ya kisanduku. Alisogea, akanivuta pale alipokuwa yeye.

"Kaa wewe hapa," alisema. "Mfungulie kidogo apate."

Niliona fahari. Nilidhani nimepewa heshima.

Alasiri maji yalipungua, tukavuka. Hospitalini muuguzi aliwachukua wote wawili, akarudi akasema msichana atapona. Tata alimtazama mama, kisha akautazama mkono wake. "Ningeanza na koki," alisema.

Maneno hayo aliyasema miaka yote. Kwenye pombe, shambani, siku ya harusi ya mdogo wangu, yule niliyembeba kifuani. Ningeanza na koki, wangekuwa wawili.

Baada ya kumzika Tata, mimi na mama tulikaa jikoni tukichambua maharage. Bila kuniangalia alisema, "Yule mtoto alikufa baba yako akiwa kwenye fyuzi. Hata boneti ilikuwa haijafungwa."

Nikaacha kuchambua.

"Ningemwambia, mikono yake ingekufa pale pale. Na wewe ulikuwa na mwingine kifuani."

"Lakini baadaye, mama? Miaka yote hiyo?"

"Nilipanga nimwambie tukirudi nyumbani. Kisha nikapanga nimwambie baada ya mavuno. Kila nilipotaka, niliona amekwisha kusamehe kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe, nikaogopa lawama atanigeuzia mimi."

Nilimkasirikia, siwafichi. Nilimkumbuka Tata na ule msemo wake, nikataka kumwaga maharage yote chini. Halafu nikamwona mama wa siku ile, ana miaka ishirini na sita, damu ya uzazi haijakauka, amemkumbatia mtoto aliyekufa ndani ya blanketi na kujibu "wamelala" kwa sauti isiyotetemeka, mara moja, mara mbili, mara tano, huku akinisogeza mimi kwenye joto.

Uani mdogo wangu alikuwa akiwagombeza watoto wake. Mama alisikiliza mpaka alipomaliza. Kisha akasogeza ungo katikati yetu, tukaendelea.