Laki Moja na Elfu Arobaini na Nne

Juzi nilikuwa kwenye boti ya kutoka Mokowe kuja Amu, yaani kisiwani Lamu. Kijana mmoja aliyeketi karibu na injini alikuwa ameinamia simu yake, akicheza ile michezo ya kubashiri mpira. Mara akainua kichwa akatuuliza sote, kwa sauti ya kushindana na injini, "Hebu semeni ukweli. Ukishinda, ngapi zitakutosha?" Mmoja akasema milioni kumi. Mwengine akamcheka, akasema milioni kumi siku hizi hazimalizi hata nyumba moja Shela. Mama mmoja aliyepakata kapu la nyanya akasema yeye apewe nauli ya kurudia tu, mengine anamwachia Mungu. Zamu ikafika kwangu. Nikatabasamu, nikageuza uso upande wa mikoko. Ningewaambiaje watu nisiowajua kwamba niliwahi kuwa na jibu la swali hilo, jibu kamili mpaka shilingi ya mwisho, na kwamba siku hizo nilikuwa na miaka tisa?

Wewe nitakueleza, kwa kuwa tuna wasaa.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Mkomani, mimi na nyanya yangu, katika nyumba ya mawe yenye kuta nene ambazo hata jua la Februari halikuzipasha joto. Baba alikuwa ameoa Mombasa, na habari zake tulizipata kwa kusikia. Mama alikuwa Arabuni, akifanya kazi katika nyumba ya watu. Alituma pesa kila mwezi, na kila baada ya miezi miwili mitatu alituma kanda. Siku hizo simu za mkononi hazikuwapo, na mama hakupenda kuandika. Alisema barua haina sauti. Basi akinasa maneno yake kwenye kanda, akampa yeyote anayerudi Kenya. Ijumaa baada ya chakula, nyanya alikuwa akiitoa ile redio ya kaseti kabatini, akaifuta vumbi kwa upindo wa leso, na mama akaingia chumbani. "Assalamu alaikum, mamangu. Assalamu alaikum, mwanangu. Umekula?" Mimi hujibu kwa sauti, "Nimekula." Kanda tuliisikiliza mpaka nikajua ni wapi atakohoa, na ni wapi mtoto wa wale matajiri wake atalia nyuma yake naye atasema, "Ngojani, ninaitwa."

Mtoto yule nilimchukia. Sikuwahi kumwona, lakini nilimchukia.

Nyanya alikuwa fundi wa kofia, zile za kushonwa kwa mkono zenye vitundu vidogo vidogo, kofia moja miezi miwili au mitatu. Kila baada ya sala ya alasiri aliteremka na mkoba wake wa nyuzi, akaketi kwenye daka, ule ukumbi mdogo wa mbele ya mlango wenye mabaraza mawili ya mawe. Ng'ambo ya kichochoro, hatua nne tu, alikaa jirani yetu muuza viazi vya karai. Saa hiyo mafuta yake yalikuwa yameshaanza kuimba, na harufu ya manjano na ukwaju ikatuingia mpaka kwenye nguo. Punda wakipita na mawe ya ujenzi, jirani hufunika karai kwa sinia na kuwatukana, wakishapita hufunua na kuendelea na mazungumzo pale pale alipoyaachia.

Wa tatu kwenye baraza ile alikuwa mwalimu wangu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, kijana bado, amepanga chumba chetu cha chini. Mke wake na mtoto walikuwa huko kwao, safari ya siku mbili. Mwanzoni nyanya hakumtaka. Baadaye alimwona akifua mashati yake mwenyewe na kuyaanika vibaya, akamhurumia. Akitoka shule aliketi baraza ya pili, mbali kidogo kwa adabu, akaletewa chai ya tangawizi.

Yeye ndiye aliyetuletea bahati nasibu. Kila wiki alinunua tiketi moja ya shilingi ishirini kwenye duka la karibu na gati, akaja nayo mkononi kama mtu aliyebeba yai. Matokeo yalitoka gazetini, na gazeti lilifika Amu limechelewa siku nzima, kwa hiyo mwalimu alikuwa na siku moja zaidi ya kuwa tajiri kuliko watu wa Nairobi.

"Kamari hiyo, Bwana Mwalimu," nyanya alimwambia siku ya kwanza. "Iweke mbali na nyuzi zangu. Pesa hizo zaingia kwa ndia hini, zatoka kwa ndia ile, na baraka hazina."

"Kweli, Bi. Lakini kuota tu si dhambi."

Nyanya akashona vitundu viwili vitatu. Kisha akasema, "Haya. Kwa mfano tu. Kwa mfano ziwe ni za halali, umezipata kwa urithi."

Tangu siku hiyo mchezo ule ukaitwa Kwa Mfano. Jirani muuza viazi kila siku alipanda. Alianza na friji, akaenda kwenye nyumba ya ghorofa, akafika hoteli Shela, na wiki iliyofuata hoteli mbili, kwa sababu moja ina mchanga mwingi. Mwalimu alishuka. Alianza na milioni moja na shamba la kahawa, akashuka kwenye ploti, akashuka kwenye mashine ya kusaga mahindi, na ilipokaribia Krismasi alikuwa ameshuka mpaka nauli ya mke na mtoto, kuja na kurudi. Nyanya yeye aligawa. Huanza na boriti za dari yetu zilizooza, halafu fungu la mjane wa nyuma, halafu mikeka ya msikiti, halafu mtoto fulani apelekwe Mombasa akatibiwe macho. Akigawa hivyo huku anashona, mpaka anauliza, "Zimebaki ngapi, Bwana Mwalimu?"

"Zimeisha, Bi. Tena unadaiwa elfu mbili."

"Subhanallah! Hata kwa mfano?" Akacheka mpaka sindano ikamdondoka, nami nikatumwa kuitafuta kwenye sakafu.

Mimi sikuulizwa, maana mtoto huulizwa amekula na amesoma. Lakini nilikuwa nikisikiliza, na darasani mwaka ule tulikuwa tumefika kwenye kuzidisha. Mama alikuwa akituma elfu tatu kwa mwezi. Nikazidisha kwa miezi kumi na miwili, nikazidisha kwa miaka minne, mpaka nimalize darasa la nane. Niliamini mtu akimaliza darasa la nane anapewa kazi. Nikapata laki moja na elfu arobaini na nne. Nikarudia mara tatu nyuma ya daftari, na kila mara ikaja ile ile.

Kisha nikafanya nililofanya. Nyanya alinituma kupeleka kofia kwa mwenye duka aliyekuwa akizinunua, nami katika pesa nilizopewa nikatoa noti ya ishirini. Nikaenda pale dukani karibu na gati, nikasema, "Mwalimu amenituma tiketi." Mwenye duka hakuuliza la pili. Nyumbani nikaikunja, nikaificha mahali ambapo kwangu mimi palikuwa pa kheri kuliko pote: ndani ya kijaluba cha kanda ya mama.

Akili ya mtoto. Ijumaa ilikuwa kesho yake.

Ijumaa ile nyanya aliitoa kanda, tiketi ikamwangukia mapajani. Aliitazama. Uso wake ukabadilika, na sikupata hata nafasi ya kutamka neno. Alikuwa ameshajua kwamba pesa za kofia zilipungua ishirini, akadhani amehesabu vibaya. Sasa alidhani amejua zilikokwenda. Akajitanda leso akateremka ngazi, nami nyuma yake nikimshika nguo. Mwalimu alikuwa barazani akisahihisha madaftari.

"Bwana Mwalimu, ndoo hapa."

Akasimama, akamjongelea.

"Nimekupa chumba. Nimekupa chai. Nimekaa nawe kama mwanangu. Na wewe wamtuma mtoto wangu kamari, kwa pesa za jasho langu? Waficha haramu yako kwenye sauti ya mamake?"

Jirani aliacha kugeuza viazi. Mwalimu alitazama tiketi mkononi mwa nyanya, kisha akanitazama mimi. Mpaka leo nayakumbuka macho yale. Nilimwona akielewa. Angeweza kusema neno moja tu, "Sikumtuma," nalo lilikuwa kweli. Badala yake akainamisha kichwa.

"Ni kosa langu, Bi. Mimi ndiye niliyeleta mchezo huu hapa."

"Basi utafute chumba kwengine. Mwisho wa mwezi."

"Sawa, Bi." Akaanza kukusanya madaftari yake.

Ni hapo nilipolia. Nilisema ni mimi, ni mimi, nimeiba ishirini, nimemsingizia Mwalimu dukani. Nyanya akageuka polepole. "Wewe? Watakani na kamari, wewe? Wanyimwa nini?"

"Nataka laki moja na elfu arobaini na nne."

Jirani akacheka, maskini, hakujua. "Kwa nini usitake milioni, mwanangu, mradi umeshaiba?"

"Milioni ya nini?" nikamwambia kwa kwikwi. "Mama hutuma elfu tatu. Mara kumi na mbili. Mara miaka minne. Zikiwa hapa, yeye hana haja ya kuwa kule."

Viazi viliungua, moshi ukajaa kichochoro kizima, na jirani hakuviepua. Mwalimu aliketi tena, na mkono wake ukaanza kuandika kwa kidole juu ya goti, nikajua anaifanya ile hesabu. Alipofika mwisho akasema taratibu, kama alivyokuwa akisema darasani, "Ni sahihi." Kisha akavua miwani.

Nyanya hakunipiga. Alivuka kichochoro, akaitia ile tiketi kwenye makaa chini ya karai, akarudi, akapanda juu. Chakula cha jioni hakukigusa. Kwa miaka mingi baadaye jirani aliililia tiketi ile. "Na kama ndiyo ilikuwa yenyewe?" alikuwa akiuliza, naye nyanya akijibu, "Basi makaa yako yameshinda." Mwalimu hakuhama. Asubuhi nyanya alimpelekea mahamri na mbaazi kwenye sahani ya wageni, yenye maua, akaiweka mlangoni mwake. Na mimi nilipelekwa gatini kumwomba radhi mwenye duka la tiketi mbele ya wateja, na ishirini ile nikailipa kwa kuchambua mchele wa jirani wiki mbili.

Siku ya tatu nyanya alimwomba mwalimu amwonyeshe jinsi ya kunasa sauti. Hakuwahi kufanya hivyo. Majibu kwa mama yalikuwa ya barua, ya salamu tu. Aliiinamia redio kana kwamba mama yumo ndani. Alisema, "Mwanangu, mkataba ukiisha usitie saini tena. Ndoo nyumbani. Tulizonazo zatutosha." Hazikututosha, mimi nilijua na yeye alijua.

Mama alirudi baada ya miezi mitano, na sanduku moja. Gatini sikumtambua kwa sura; alikuwa amekonda na amekuwa mweupe wa kukaa ndani. Aliposema "Umekula?" nikamjua.

Siwezi kukudanganya kwamba tuliishi kwa raha. Chai ya maziwa ikawa ya rangi. Samaki akawa wa Ijumaa. Boriti zilioza mpaka tukahamia upande mmoja wa nyumba. Mama akajifunza kofia, na mkono wake ulikuwa mzito kwa kazi ile. Akilala mchana nyanya aliifumua mishono yake na kuishona upya, akairudisha kofia mahali pake, wala hawakulizungumza. Nikatamani viatu, nikakosa. Kuna siku nilifikiri yule mtoto wa Arabuni yeye amempata yaya mwengine na viatu anavyo. Lakini nilikuwa nikitoka shule namkuta mtu.

Mwalimu mkewe na mtoto walikuja likizo ya Aprili, wakakaa wiki tatu. Mke alikuwa akiogopa punda. Mwaka uliofuata akahamishwa. Nyanya alimshonea kofia, yeye Mkristo, akaipokea kwa mikono miwili.

Nyumba ile sasa si yetu. Nyanya alipofariki warithi walikuwa wengi, ikauzwa, na aliyeinunua ameitengeneza vizuri, siwezi kusema uongo. Ameweka geti la mbao pale kwenye daka, na mabaraza yamo ndani yake, yana mito. Jirani naye amemfuata nyanya kaburini. Watu bado wanaota pesa, wanaota kuliko zamani, lakini kila mtu yuko peke yake na kioo cha simu yake, na akishindwa hana wa kumwambia tuanze upya.

Mama yupo. Nimemjengea chumba kwangu, mtaa wa Langoni, na jana jioni nilikuwa nikimkata kucha. Nikamuuliza jambo ambalo miaka yote hii sikuwa na moyo wa kuuliza: kama ile kanda ya nyanya isingefika, angetia saini?

Akafikiri, mguu wake ukiwa mkononi mwangu.

"Walinambia watanipa mara mbili nikikaa," akasema. "Nyanyako sikumwambia, asije akajuta. Elfu sita."

"Nawe ukawajibu nini?"

"Nimjibu nini mtu? Niliwaambia hazitoshi." Akanyoosha mguu wa pili. "Taratibu hicho kidogo, chauma."