Maana ya Tatu Ndiyo Niliyoijua

Jamani, nilichaguliwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa vitunguu saumu, hapa Endagikot, kwa sababu eti najua Kiingereza.

Juzi asubuhi tulikuwa tunamsubiri mnunuzi wetu Mhindi aje na lori kutoka Arusha. Badala yake ukaingia ujumbe wake kwenye simu yangu: "Daudi. Avarodh." Daudi ni kijiji cha njiani; neno la pili nikajua ni Kigujarati, ujumbe umekosea njia. Nikatafuta kwenye simu, zikaja maana tatu za Kiingereza: obstacle, hindrance, bar. Mbili za kwanza sikuzielewa. Ya tatu naijua hata usingizini.

"Mnunuzi yuko baa, pale Daudi," nikatangaza.

Mwenyekiti wetu, Mama Paskalina, ni mzee wa kanisa. Akakaza kitenge chake. "Saa tatu asubuhi? Twendeni tukamtoe kabla hajalewa!"

Tukaenda watu kumi na wawili. Karibu na Daudi tukakuta mti umelala katikati ya barabara, na ng'ambo yake Mhindi wetu, matope hadi magotini, anahangaika na panga.

"Shikamoo mama! Ujumbe nilimtumia kaka yangu, kumbe umefika kwenu. Afadhali mmekuja wengi!"

Tukausukuma mti pembeni. Ndipo akauliza nani kati yetu anajua Kigujarati. Wote wakanigeukia.

"Katibu alituambia uko baa," akasema Mama Paskalina.

Mhindi akacheka mpaka panga likamdondoka. "Avarodh ni kizuizi, ndugu yangu! Baa tutaenda tukishapakia mzigo."

"Soda tu," mwenyekiti akasema, akinitazama mimi.