Ndege wa Komora

Wakati niko mdogo, huku kwetu upande wa Ngao, kila mtu alijua kivuli cha ndege kikimpitia mtoto, atashikwa na kifafa. Na sisi kazi yetu ilikuwa ndege hao hao. Mpunga ukiiva tulipanda dungu shambani, mimi na mdogo wangu Komora, tukawafukuza kwa kelele.

Siku moja Komora akanyamaza. Maji ya shamba yalikuwa yanametameta, hujui mbingu iko juu ama chini.

"Dada, kuna ndege anang'aa."

"Mpige na kombeo basi."

"Hapigiki. Yuko ndani ya jicho."

Nikamcheka. Halafu akashika kichwa, akatapika. Nikambeba mpaka nyumbani.

Nyanya akafunga dirisha, akamfunika kaniki gubigubi. "Asiguswe, asiangaliwe. Ndege ataenda zake."

Na kweli, jioni Komora aliamka akaitisha uji. Ikawa hivyo kila akiumwa. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni, nategea kusikia mbawa.

Mpaka siku moja nikazisikia. Pa, pa, pa, kwenye mkeka. Nilitaka kutoroka, lakini huyo ni Komora wangu, jamani. Nikavuta kaniki. Hakuna ndege. Ni mkono wake unapigapiga, povu mdomoni, uso umezama kwenye mto.

"Usimguse! Atakuingia na wewe!" Nyanya akapaza sauti kutoka nje ya mlango.

"Nyanya, hapumui!"

Nikamgeuza ubavu. Mwili ukatulia polepole, kisha akavuta pumzi moja ndefu, kama mtu ametoka chini ya mto Tana.

Hospitalini daktari alimuuliza Mama kuhusu kichwa, kuhusu vitu vya kung'aa. Akasema kuna watoto wana kipandauso, wengine kifafa, na wengine, kama huyu, vyote viwili. Akampa dawa ya kila siku.

Tukirudi, Nyanya akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo giza langu lilikuwa baya?"

"Giza ni sawa, mama," Mama akamjibu. "Kibaya ni kumwacha peke yake."

Leo Komora ni mtu mzima, anauza nguo hapa Garsen. Kuanguka kumeisha, kichwa bado kinamjia mara moja moja. Kikimjia nafunga pazia, kisha naingia naye. Hatuongei. Nasikiliza pumzi.

Nyanya hakuwa mjinga. Alikuwa na hofu, na mimi bado ninayo. Yeye alikaa nayo nje ya mlango. Mimi nakaa nayo nikiwa nimemshika mkono.