Bwawa la Mjane Khiroda

Enzi za yule Malkia wa Waingereza, kijijini kwetu Bengali hakuna aliyemzidi Khiroda kwa kunyamaza huku akipanga mambo. Alikuwa mjane wa Nobokumar: sari nyeupe, mlo mmoja kwa siku, samaki marufuku. Ila marehemu alimwachia bwawa la samaki wanono, na Khiroda alitaka kuliuza akaishi zake Kashi, mji mtakatifu kando ya mto Ganga, mbali na Haripado.

Haripado ni mtoto wa kaka wa marehemu, mrithi aliyekuwa akimsubiri mjane afe. Kila mnunuzi akitokea, alimtolea hukumu ya Mahakama Kuu ya Kalkuta. Hukumu hiyo naijua kuliko mawakili waliolipwa kuisoma: mwanamume aweza kuuza bwawa akachezee kamari, hakuna wa kumuuliza; lakini mjane akiuza bila shida ya lazima, akifa tu mrithi analidai. Na shida ya lazima ndiyo ipi? Kuiokoa roho ya mume, kwa mfano. Wanunuzi wakatimua mbio.

Mara samaki wakaanza kupungua bwawani. Khiroda alijua wanaingia tumbo gani, maana harufu ya samaki waliopikwa kwa haradali ilivuka ukuta wa Haripado kila adhuhuri. Hakugombana. Aliwaita kuhani, wazee na Haripado uani, akavuta ushungi, akamuuliza kijana kwa upole kama amemwona mwizi.

Haripado akababaika, kisha akajiona mjanja.

"Mama mdogo, mwizi hakuna. Ni baba mdogo mwenyewe. Nimemwona kwenye ngazi za bwawa, anatafuna samaki mbichi."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Nani asiyejua mizimu ya kwetu inavyopenda samaki?

"Una hakika, mwanangu?"

"Naapa kwa maji ya Ganga."

"Kumbe mume wangu anateseka," akasema Khiroda, akalia kwa kiasi.

Kuhani akaamua kwamba roho ya namna hiyo haitulii mpaka ifanyiwe matambiko Gaya, mji wanakotulizwa wafu. Nauli, sadaka, karamu ya makuhani: bila kuuza bwawa haiwezekani.

"Ngojeni kwanza," akasema Haripado.

"Tungoje nini?" akauliza mzee mmoja. "Au mzimu wenyewe ni wewe?"

Haripado akatia saini hati ya mauzo, yeye mrithi, kwamba shida ya lazima ipo.

Khiroda alimfanyia mumewe kila tambiko bila kumpunja, na chenji ikamfikisha Kashi. Bwawani, mnunuzi ameweka mlinzi mwenye rungu, asiyeamini mizimu.