Kukhu Rahab Aliyesimulia Mchana

Kukhu Rahab, yaani bibi Rahab kwa Kibukusu, alisimulia hadithi mchana. Kule Naitiri watu wanaogopa jambo hilo. Wanasema zimwi la hadithi likitajwa mchana husikia, likaja. Mimi nilikuwa nanoa panga, natembea toka Misikhu mpaka Kitale, na kila nikifika kwake nilikaa uani nikinoa huku nasikiliza.

Alikuwa mjane, mfinyanzi wa vyungu. Zamani alisimulia usiku kama wengine: msichana anapita njia ya mkato, zimwi linammeza, na watoto wanaitikia, "Alijitakia!" Halafu wanacheka, wanaenda kulala.

Mwaka wa themanini na saba mjukuu wake Jentrix, mtoto wa miaka tisa, alivutwa ndani ya mahindi akitoka kisimani. Alipatikana jioni, shingo ina alama za vidole. Toka siku hiyo hakusema neno. Watu wakawa wanauliza tu, ati nani alimtuma kupita huko peke yake. Hata watoto wenzake wakamwimbia kile kiitikio. Kukhu aliniambia kilimchoma sana, maana yeye ndiye aliyewafundisha.

Baba ya mtoto, Walubengo, akaamua binti aende Kitale kwa shangazi, aibu iishe. Jirani yao Mukhisa, mtu wa kanisa, mpole, akajitolea kumpeleka kwa baiskeli Jumamosi.

Jumamosi hiyo nilikuwa hapo. Saa sita, jua wima. Hakukuwa na upepo, lakini majani ya mahindi makavu yalikuwa yanasuguana yenyewe. Kukhu akaita watoto wote wakae chini, Jentrix na kifurushi chake katikati. Mukhisa akafika akipiga mluzi, akasimamisha baiskeli karibu na Walubengo.

"Kukhu, utatuitia mazimwi, bana," akatania.

Kukhu akasimulia hadithi ileile: msichana, njia, zimwi. Watoto walipotaka kuitikia akainua mkono.

"Hapana. Niliwafundisha vibaya, mnisamehe. Mdomo uliomeza ulikuwa wa nani?"

Watoto wakatazamana. Mmoja akasema, "Wa zimwi."

"Na nani aliufungua?"

"Zimwi."

"Sasa msichana alikosa nini?"

Majani ya mahindi yakanyamaza. Ndipo nikasikia sauti kavu, kama inatoka ndani ya chungu, sauti nisiyoijua.

"Lilikuwa linapiga mluzi," ilisema. "Mluzi huu wa sasa hivi."

Alikuwa ni Jentrix, anamwangalia Mukhisa.

Mukhisa akacheka, akasema hayo ni maneno ya mtoto, kukhu amemjaza hadithi. Lakini mkono wake ulikuwa unatafuta baiskeli. Walubengo akaushika usukani kwanza. Akamgeukia binti yake.

"Lakini wewe, mbona ulipita—"

"Walubengo," Kukhu akasema polepole. "Mwanangu. Usimalize hilo swali."

Walubengo akaliacha swali, akaniomba nikamwite mzee wa kijiji, naye akabaki ameshika baiskeli, Mukhisa asipate kuondoka.

Nilipofika langoni niligeuka. Kukhu alikuwa anafungua kile kifurushi, anatoa nguo moja moja kuzirudisha ndani. Jentrix aliomba maji. Watoto walibaki wanamkodolea macho, basi akaomba tena, kwa sauti kubwa zaidi.