Salongo Katika Chumba cha Kadi

Hemedi Ramazani, mzaliwa wa Kindu, alitunza kadi za watoa damu katika hospitali moja ya Kisangani, enzi zile za Zaire ambapo hata kuzibua mfereji kulikuwa wajibu wa raia. Kila komini, yaani kila wilaya ya mji, ilikuwa na kabati lake, yote sita, na kila kadi iliyochomolewa ilipita kwanza mezani kwake aihakiki mwenyewe.

Jumamosi moja asubuhi aliingia Mama Bolumbu, mkunga mkuu. Mama mjamzito alipaswa kupasuliwa siku hiyohiyo. Damu yake ilikuwa O hasi, aina adimu, na daktari hangeshika kisu kabla ya kupata watu wawili wa kumtolea.

Hemedi akafanya ambalo Mzaire yeyote angelifanya siku ya Jumamosi: aliita salongo. Wafanyakazi waliokuwa uani wakifyeka majani kwa kazi hiyo ya pamoja ya lazima waliacha mapanga, wakamiminika ndani. Mikono mingi kazi haba, alijisemea.

Kazi ilizidi. Wanne waling'ang'ania droo moja ya komini ya Mangobo, na kabati la Lubunga halikuwa na mtu. Kila aliyeona O alikimbilia mezani, iwe hasi au chanya, mpaka rundo likamfika Hemedi kidevuni.

"Papa Hemedi," akasema Mama Bolumbu, "hii iko bureau ao iko soko ya samaki?"

"Pole kidogo, mama. Tunatafuta."

"Mugonjwa wangu hapana samaki ya frigo, papa. Hawezi kungojea."

Hemedi akainua kichwa, akatazama. Kabati moja lilimtosha mtu mmoja; wa pili alikuwa kizuizi. Tena kilichokwamisha hasa kilikuwa meza yake, kwa kuwa njia zote ziliishia hapo. Basi akasimamisha mtu mmoja kwa kila kabati, akaagiza asilete kadi yoyote kabla ya kuhakikisha palepale kwamba ni O hasi, na kwamba mwenye kadi hakutoa damu karibuni. Mwingine akamketisha kando yake, wagawane kukagua anwani.

"Na siye wengine?" aliuliza Lokwa, fundi wa mabomba. "Turudilie majani?"

"Muko na vélo?"

"Tuko nazo," akajibu Lokwa; baiskeli zao zilikuwa uani.

"Alors, mungojee inje. Kadi ikitoka, mumoja anaenda kuleta mwenye damu. Musiende wengi kwa mutu mumoja. Atazania munakuja kumukamata."

Chumba kikatulia, kadi zikaanza kutoka moja moja. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuhamia Isangi. Ya pili ikamleta mwalimu wa Tshopo. Ya tatu, mvuvi wa maporomoko ya Wagenia, suruali ikimchuruzika maji, akilalamika kwamba ameondolewa kwenye mitego yake ya samaki. Kabla ya adhuhuri daktari alikuwa amenawa mikono, tayari kupasua.

Alasiri Mama Bolumbu alirudi akiwa anacheka.

"Mutoto iko muzima. Mama yake pia. Anaomba kula chikwangue ya muhogo, nimemukataza."

"Ile iko damu yangu inaomba," akasema mvuvi kutoka kwenye benchi. "Miye pia niko na njaa."