Fishi ya Somo la Nguzo

Kabla sijasema lolote, niseme hili: minye mwenyewe nilimwangusha mama wa watu. Sikumsukuma, lakini ni minye. Kila aliyekuwepo siku ile aliniambia pole, ni bahati mbaya, nami niliikataa hiyo bahati mbaya, maana bahati haikupanga lile somo. Nililipanga mwenyewe.

Nafundisha dansi ya nguzo hapa mtaani kwetu Kilibula, katika chumba kilichokuwa stoo ya saruji. Nguzo yenyewe ni bomba la chuma laini, limesimama kutoka sakafuni hadi kwenye boriti. Alilichomelea fundi mmoja wa mtaa wa Songo, ambaye hadi leo anaamini kwamba ni la kushikilia paa. Unaipanda nguzo kwa mikono na mapaja, unaizunguka, na ukishazoea unajipindua kichwa chini. Nilijifunza ng'ambo ya mpaka, Bujumbura. Watu wakisikia nguzo wanawaza baa na wanaume wanaorusha noti. Wawaze wanavyotaka! Kwangu geti linafungwa, tuko wanawake peke yetu, na tunatoka jasho mpaka tunasahau majina ya waume zetu.

Huyo mama ni muuza vitenge, wa zile familia za zamani za Waislamu wa mjini, na amenizidi umri kwa miaka mingi. Alikuja kwa sababu mgongo ulimuuma kwa kukaa dukani, akabaki kwa sababu alipenda. Kila mara alifika amejipaka mafuta vizuri, mikono inang'aa, miguu inang'aa. Kwetu mwanamke anayejiheshimu hatoki nyumbani na ngozi iliyopauka. Na mafuta hayapatani na nguzo hata kidogo, chuma kinakamata ngozi kavu tu. Nilijua. Mwalimu wangu wa Bujumbura alinifokea jambo hilo siku ya kwanza kabisa. Lakini nitamwambiaje mama wa heshima vile aje bila kujipaka? Nilikuwa nampa taulo ajifute, nanyamaza.

Juma la tatu, programu niliyoinunua mtandaoni ilisema: kupinduka. Basi tukapinduka. Mapaja yake yakateleza, akafikia bega kwenye godoro na mkono ukabaki chini yake. Hakuvunjika, Mungu mkubwa, lakini kiwiko kilivimba mbele ya macho yetu. Alikaa kitako, akajifunga ushungi wake polepole kwa mkono mmoja, akakataa nimsaidie. Getini akaniambia, tena bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma:

"Mwalimu, weye unajua kucheza. Kufundisha, sijui."

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikachoka kulia, nikakasirika. Nilijiapia kwamba yule mama atarudi, na akirudi atashuka kutoka kwenye ile nguzo kwa miguu yake mwenyewe. Asiporudi, minye siyo mwalimu, ni mtu tu mwenye bomba la chuma ndani ya stoo.

Nikatandaza mkekani vitu vyote nilivyokuwa ninapangia masomo. Kwanza video za kwenye simu, zinazokula mega za intaneti kama mchwa. Humo kuna dada mwembamba anayetabasamu hata akiwa kichwa chini. Anakuonyesha anachofanya, hakuambii wewe uanzie wapi. Pili ile programu ya kununua, majuma kumi na mawili, Kifaransa safi, inadhani nina vioo ukuta mzima na msaidizi wa kushika watu viuno. Tatu daftari la mwalimu wangu wa Bujumbura, vijitu vya vijiti na mishale, bila maneno. Nililiangalia lile daftari kwa mara ya kwanza kwa makini, nikaona kitu kilichonitoa jasho: kabla ya mchoro wowote wa kupanda, alikuwa amechora kurasa nne za kushuka. Nilikuwa nimeziruka. Nani analipia kujifunza kushuka? Ndivyo nilivyowaza, mjinga minye.

Vitu vilikuwepo, mpangilio ndio haukuwepo. Nikakata shauri kwenda kwa mama yangu mzazi.

Mama alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na tangu nisimamishe nguzo alikuwa hataki kuisikia. Kanisani akiulizwa nafanya kazi gani, alijibu "michezo" na kubadilisha habari. Nilimkuta uani anachambua ndagala, vile visamaki vya ziwani, kwenye ungo.

"Mama, fishi ya somo inaandikwaje?" Fishi ni ile karatasi ambayo kila mwalimu wa kwetu lazima aiandae kabla ya kuingia darasani, hatua kwa hatua.

"Somo gani?"

"La nguzo."

Mikono ilisimama juu ya ndagala. "Weye mutoto, unataka kuniua."

"Mama, kuna mtu aliumia."

Alinawa, akaingia ndani, akatoka na miwani, rula na kalamu nyekundu. Akaniambia kwamba kile chuma bado kinamtia aibu, ila fishi mbaya inamtia aibu zaidi.

"Lengo la somo?"

"Wanafunzi wajue kupinduka."

"Wajue! Utaonea wapi kama wanajua? Andika kitu ninachoweza kukiona kwa macho."

Nilifuta mara tatu. Mwishowe nikaandika: kila mwanafunzi atapanda mpaka kimo chake mwenyewe, na atashuka polepole bila kuruka. Akatikisa kichwa kukubali.

"Vifaa?"

"Nguzo, godoro, taulo."

"Taulo ya nini?"

"Ya kufuta mafuta."

"Yanaisha?"

"Hapana."

"Sasa umeiandika ya nini? Na yule mutu, aliangushwa na nini?"

"Mafuta."

"Ulimwambia?"

"Hapana, mama. Niliona haya."

Akapiga mstari mwekundu chini ya neno taulo. Afadhali angenifokea. Nilichukua kalamu nikaandika juu kabisa, kabla ya mazoezi yote: kunawa mikono na miguu kwa sabuni, kukausha.

Kutoka siku ile niliandika fishi kwa kila somo, na kila moja ilipita kwa mama, ikarudi imejaa wekundu. Daftari la Bujumbura ndilo lililonipa mpangilio. Kwenye programu nilibakiza mazoezi ya mabega tu, mengine nikayaacha. Video nikaziangalia peke yangu, kuukumbusha mwili. Wanafunzi waliobaki walinung'unika, eti wanafundishwa kushuka kama watoto wachanga. Nikawaambia ndiyo, kama watoto wachanga, na geti liko wazi.

Niliposikia kwamba mkono wa yule mama umepona, nilibeba fishi nikaenda dukani kwake. Aliisoma yote, amesimama katikati ya vitenge vyake. Kidole kikasimama kwenye mstari wa kwanza.

"Hii ya kunawa iko nini?"

"Mama, nisamehe. Ni mafuta yaliyokuangusha. Nilijua tangu mwanzo, nikaona haya kukuambia usijipake."

Aliniangalia, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Kunawa mikono na miguu? Mwalimu! Minye nanawa mara tano kwa siku, na weye unaona haya kuniambia ninawe mara ya sita?"

Nami nilianza kucheka. Yeye akaacha.

"Mwezi mzima na nusu nimesongesha bugali kwa mkono mmoja," alisema, "sababu ya haya yako."

Nilisema ndiyo, ni kweli, nikaondoka nikiwa sijui kama atakuja.

Jumamosi alikuja. Alivua ushungi, akanawa kwenye ndoo nyuma ya geti, akajikausha mpaka kati ya vidole. Alipanda mpaka kimo chake, akashuka, mguu mmoja, mguu wa pili. Akarudia. Mara za kwanza nilikaa karibu, tayari kumdaka; mara ya nne hata sikumsogelea.

"Vizuri," alisema, bado ameshika nguzo. "Sasa tupinduke."

"Hapana, mama."

Wenzake waliangalia sakafu.

"Unanikataza? Minye?"

"Ninakukataza. Leo hapana, na Jumamosi ijayo hapana. Mkono wako bado haujazoea kushuka. Siku ukizoea, nitakuambia."

Kisha akaiachia nguzo, akaokota ushungi wake, akaukung'uta vumbi.

"Basi Jumamosi ijayo nakuja na binti yangu," alisema. "Na yeye umukataze hivyo hivyo."